Hapo kwa Rod Stewart umemwonea
Mwandishi, kwenye uhakiki wako unasema albamu ya 2002 ya mwimbaji huyu wa Uingereza, ile ya nyimbo za zamani za Kimarekani, ni uvivu wa mzee aliyeishiwa mashairi. Mbona hutaji kwamba mwaka 2000 Rod Stewart alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo, ikabidi ajifunze kuimba upya? Vaa hedifoni usikilize: hapazi sauti kabisa, anaisogelea maikrofoni, na ule mkwaruzo wake unajitokeza mwisho wa mstari tu, pumzi ikikatika. Fidla zimezidi sukari, hilo nakubali (mke wangu hataki hata kulisikia). Lakini albamu ya tatu ya mfululizo ulioanza na hiyo, ya 2004, ndiyo iliyompa tuzo yake ya kwanza ya muziki ya Grammy. Uvivu uko wapi hapo?