Daktari Hakuja, Mama Akashindwa Kesi

Januari 1984, katika hospitali ya St Bartholomew's, London, mtoto wa miaka miwili alibanwa na pumzi. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini mchana. Muuguzi akapiga simu kumwita daktari. Mtoto akapata nafuu, hata akaanza kucheza. Saa nane akabanwa tena, muuguzi akapiga simu tena. Daktari alikuwa kliniki, na mwenzake aliyepaswa kuja badala yake hakuupata ujumbe kwa kuwa betri za peja yake, kile kifaa cha kumwita daktari, zilikuwa zimekwisha. Nusu saa baadaye moyo wa mtoto ukasimama. Ubongo uliharibika vibaya, na baadaye akafariki.

Hospitali ilikiri kwamba kutokuja kulikuwa uzembe. Hata hivyo, mwaka 1997 mama alishindwa mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza. Nimeisoma hukumu hiyo ya Bolitho, iliyoitwa kwa jina la ukoo wa mtoto, mara kadhaa na bado inaniuma.

Sheria ilimtaka mama athibitishe kwamba uzembe ndio uliomdhuru mwanawe. Tiba ambayo ingemwokoa ni kumwekea mpira wa kupumulia kabla hajazidiwa. Daktari akasema hata angefika, asingeuweka. Wataalamu wa mama wakasema alipaswa kuuweka, wa hospitali wakamuunga mkono daktari. Mahakama ikayakubali maoni ya wataalamu wa hospitali, basi kesi ikaishia hapo. Yaani asiyefika ndiye anayeulizwa angefanya nini kama angefika!

Ndiyo, majaji wale walisema jambo jema pia: mahakama inaweza kukataa maoni ya madaktari yasiyo na mantiki. Kabla ya hapo, tangu kesi nyingine ya Uingereza, ya Bolam ya 1957, ilitosha daktari kuungwa mkono na wenzake wanaoheshimika ili asihesabiwe mzembe. Kesi hizi zinatuhusu, maana mahakama za Kenya nazo huzirejea mzazi anapodai kwamba ugonjwa wa mwanawe ulipuuzwa.

Mimi nasema hospitali ikishakiri kwamba haikuja, mzigo wa ushahidi uhame. Hospitali ndiyo yenye faili, ndiyo yenye wataalamu, basi yenyewe ithibitishe kwamba mtoto asingepona hata kama angehudumiwa. Mzazi alikaa kando ya kitanda akisubiri. Hana cha kuonyesha zaidi ya hapo. Na katika kesi ile palikuwa na muuguzi aliyemtazama mtoto kwa macho yake, akaona hali si nzuri, akapiga simu mara mbili.