Mkanda wa Ayalandi na gharama ya kupigana na jirani

Kengele ya kumaliza raundi ya nane ilikuwa imeshalia. Sekunde chache kabla yake, Paddy Donovan wa Limerick alikuwa amempeleka chini Lewis Crocker wa Belfast. Crocker aliinuka jicho likiwa limevimba na miguu ikimcheza. Donovan akamfuata kummaliza, na ngumi yake ya mwisho ikatua muda umekwisha. Crocker akaanguka tena, mwamuzi akamtoa Donovan mchezoni palepale, na ushindi ukaenda kwa aliyekuwa sakafuni. Nimeirudia raundi ile mara nyingi na kila mara naumia kwa ajili ya Donovan. Alikuwa keshakatwa pointi mbili kwa kutumia kichwa, na hata hivyo alikuwa amemtawala mwenzake.

Hiyo ilikuwa Machi 1, 2025, ukumbi wa SSE Arena, Belfast. Wote wawili walipanda ulingoni bila kupoteza hata pambano moja. Septemba 13 mwaka huohuo wakarudiana kwenye uwanja wa soka wa Windsor Park, safari hii wakigombea mkanda wa dunia wa IBF, moja ya vyombo vinavyotoa ubingwa wa dunia, uzito wa welter, uliokuwa wazi. Haijawahi kutokea kabla ya siku ile Wairishi wawili kugombea ubingwa wa dunia wao kwa wao. Donovan aliangushwa mara mbili, na Crocker akatangazwa bingwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja.

Naanza na wawili hawa kwa sababu walipita njia ambayo bondia chipukizi wa Ayalandi huambiwa aikwepe. Ushauri anaopewa ni huu: usipigane na mtu wa nyumbani mpaka pesa iwe kubwa kiasi cha kushindwa kuikataa. Ubingwa wa taifa, ambao ungepaswa kuwa ngazi ya kwanza ya kila mmoja, umebaki kitu cha kurukwa. Mimi naona ushauri huo unaumiza ngumi za kulipwa za Ayalandi. Ila wanaoutoa si wajinga, na wanaoufuata si waoga, kwa hiyo hoja yao inastahili kusikilizwa yote.

Tuanze na mkanda wenyewe. Katika Jamhuri ya Ayalandi ngumi za kulipwa husimamiwa na Boxing Union of Ireland, BUI. Upande wa kaskazini, Belfast na jirani zake, ambao ni sehemu ya Uingereza, msimamizi ni British Boxing Board of Control kupitia baraza lake la eneo hilo. Mkanda wa Ayalandi hupiganiwa raundi 10, na bondia wa kisiwa kizima anaweza kuuwania, awe wa Cork au wa Belfast. Ulingoni kisiwa ni kimoja. Kwenye leseni ni viwili.

Hapo ndipo hesabu zinapoanza kupishana. Bondia wa Belfast ana ngazi mbili mbele yake: mkanda wa Ayalandi na ule wa Uingereza, maarufu kama Lonsdale, wenye historia ndefu, televisheni nyuma yake na malipo yanayoeleweka. Anthony Cacace wa Belfast aliuchukua mkanda wa Uingereza mwaka 2019 kwa kumshinda Sam Bowen, na Mei 2024 akaenda Riyadh akampokonya Joe Cordina ubingwa wa dunia wa IBF. Bondia wa Limerick au Dublin hana ngazi hiyo ya pili. Barry McGuigan, mzaliwa wa Clones upande wa Jamhuri, alilazimika kuchukua uraia wa Uingereza ili agombee mkanda ule miaka ya mwanzo ya 1980, wakati damu ikimwagika Ayalandi ya Kaskazini kati ya waliotaka kubaki Uingereza na waliotaka kuungana na Jamhuri, na jambo kama hilo likiweza kumgharimu mtu zaidi ya mashabiki. Aliupata mwaka 1983, na Juni 8, 1985 akamshinda Eusebio Pedroza London na kuwa bingwa wa dunia. Ukitaka kujua mkanda wa taifa lake ulimsaidia kiasi gani kufika huko, uamuzi wake ule unakujibu.

Sasa mfuko. Kwenye maonyesho madogo bondia wa nyumbani ndiye muuza tiketi. Anapewa rundo la tiketi, anapita nazo gereji, baa, kazini kwa shemeji yake, klabu aliyoanzia utotoni. Kutokana na mauzo hayo hulipwa mpinzani, ndege yake na hoteli yake, na kinachobaki ndicho posho ya bondia. Wiki ya pambano, wakati anapaswa kulala na kushusha kilo za mwisho, yuko barabarani na bahasha. Anamfikishia mtu tiketi mbili, mwingine anampigia simu kusema mkewe anaumwa, hawezi kuja. Wapo wanaomaliza usiku wa ushindi wakiwa na deni.

Katika mfumo huo mpinzani bora ni yule wa bei nafuu asiye hatari: bondia wa kuletwa, mara nyingi kutoka Ulaya ya Mashariki, mwenye kushindwa kwingi kwenye rekodi na uzoefu wa kumaliza raundi zake bila kuumia. Sisi tunaijua kona hiyo, maana mabondia wetu husafirishwa kwenda kuikalia. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipelekwa Birmingham Septemba 2018 kumpandishia rekodi mwenyeji Sam Eggington, akammaliza raundi ya pili.

Mpinzani wa nyumbani ni jambo tofauti kabisa. Yeye naye ana mashabiki wake na tiketi zake, anataka nusu ya pesa, na anapigana kama mtu atakayekutana na majirani zake Jumatatu asubuhi. Ukimshinda umepata mkanda ambao hautakuingiza moja kwa moja kwenye viwango vya IBF wala WBO. Ukishindwa umepoteza rekodi safi, na rekodi safi ndiyo bidhaa ambayo promota wa London anainunua. Mikanda ya kanda inayotolewa na vyombo hivyo vya dunia ina mvuto mwingine: unailipia ada, unapigana na mgeni, ukishinda jina lako linapandishwa kwenye orodha. Meneja anayemwambia kijana wake auruke mkanda wa Ayalandi na kuchukua mkanda wa kanda anapiga hesabu sahihi kwa mteja wake mmoja.

Upande huu pia una ushahidi wa Willie Casey. Novemba 2010, mjini kwake Limerick, alimsimamisha Paul Hyland wa Dublin katika raundi ya nne na kuchukua ubingwa wa Ulaya wa super bantam. Wairishi wawili, mkanda wa Ulaya, ukumbi unaotetemeka. Miezi minne baadaye aliwekwa mbele ya Guillermo Rigondeaux, Mcuba mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, kule Citywest karibu na Dublin. Casey hakumaliza raundi ya kwanza. Wanaopinga pambano la watani wa jadi husema: mnaona, nyumbani mnapandishana kwa kelele, kisha dunia inawaonyesha kimo chenu.

Mimi kisa hicho nakisoma vingine. Casey alipigana na Rigondeaux kwa sababu ushindi wa Limerick ulimpa haki ya kuitwa, na Rigondeaux alikuwa akiwafanyia hivyo mabondia wa kila taifa. Aliyemsukuma kwenye mdomo wa simba baada ya miezi minne alifanya uamuzi wa biashara, na uamuzi huo hauna uhusiano na pambano la Hyland.

Tena huyo bondia wa kuletwa anayesifiwa kwa usalama ana mambo yake. Mei 20, 2023, ukumbi wa 3Arena, Dublin, Gary Cully wa Naas alipanda ulingoni na mapambano 16 bila kushindwa. Alionwa kama kijana anayefuata baada ya Katie Taylor, nyota wa kike wa ngumi za Ayalandi. Aliletewa José Félix Jr. kutoka Mexico, na raundi ya tatu kazi ilikuwa imekwisha, Cully yuko chini. Rekodi iliyolindwa kwa miaka ikaondoka usiku mmoja mbele ya mtu ambaye hakuna Mwairishi atakayelipa kuona wakirudiana. Angalau Donovan alipoteza kwa Crocker, na kwa sababu alikuwa Crocker, kisiwa kizima kilidai marudiano, na marudiano yakajaa kwenye uwanja wa mpira.

Hilo ndilo ambalo hesabu ya meneja haina nafasi ya kuliandika. Pambano la watani wa jadi hubaki na deni, na deni hilo huuza tiketi za pambano linalofuata. Crocker mwenyewe hakuanza na Donovan: Desemba 2023 alikuwa amempiga kwa pointi Tyrone McKenna, Mbelfast mwenzake, katika ukumbi uleule wa SSE Arena. Mtu aliyenunua tiketi usiku ule alikuwa na sababu ya kununua nyingine. Ukimlisha shabiki miaka mitatu mapambano ambayo mshindi wake anajulikana tangu siku ya kupima uzito, ndugu na marafiki watakuja kwa mapenzi, lakini shabiki wa kweli atabaki nyumbani na televisheni yake.

Siwezi kulizungumzia hili bila kuitaja Februari 5, 2016. Siku hiyo, hoteli ya Regency, Dublin, mabondia walikuwa wakipimwa uzito kwa ajili ya usiku wa ngumi uliopangwa kesho yake National Stadium, Jamie Kavanagh akiwa kwenye pambano kuu. Watu wenye silaha, baadhi wamevaa kama polisi, waliingia wakafyatua risasi. Mtu mmoja aliuawa. Onyesho likafutwa, na kwa muda mrefu mapambano makubwa ya kulipwa yakaikwepa Dublin na kuhamia Belfast. Aprili 2022 Marekani ilimwekea vikwazo Daniel Kinahan, anayeaminika kuwa ndiye aliyelengwa Regency, ikimtaja kuwa kiongozi wa kundi la uhalifu. Mwezi huohuo MTK Global, kampuni iliyosimamia mabondia wengi na ambayo Kinahan alishiriki kuianzisha, ilifunga milango, ingawa yenyewe ilisema ilikwisha kuachana naye tangu 2017. Mabondia waliobaki bila usimamizi hawakuwa wamefyatua risasi yoyote. Ukimuona mmoja wao leo anakataa pambano la hatari kwa posho ndogo, kumbuka ardhi iliyotikisika chini ya miguu yake.

Katie Taylor mwenyewe, bingwa wa Olimpiki wa London 2012, aliingia ngumi za kulipwa mwaka 2016 na hakupigana nyumbani kama bondia wa kulipwa mpaka ile Mei 2023. Mazungumzo ya kumpeleka Croke Park, penye nafasi ya watu zaidi ya 82,000, yalivunjika kwa sababu ya gharama. Alipigana 3Arena, akashindwa na Chantelle Cameron, akarudi palepale Novemba akamshinda. Usiku zile mbili zilikuwa nzuri mno. Lakini ni tukio la mtu mmoja asiye na mfano, na waliotazamia zifungue mlango wa maonyesho ya kila mwezi Dublin walikuwa wakimtwika mwanamke mmoja mzigo wa mchezo mzima.

Kazi halisi iko kwenye kumbi kama National Stadium, barabara ya South Circular. Ulijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya ngumi, viti vinakaribia ulingo, na ukikaa mbele unasikia pumzi ya bondia anapopigwa mbavuni. Pale pambano la mkanda wa Ayalandi kati ya vijana wa mitaa miwili hujaza ukumbi bila jina la kimataifa lolote. Mwaka 2019 Eric Donovan wa Athy, ambaye si ndugu wa Paddy, alimshinda Stephen McAfee na kuwa bingwa wa Ayalandi wa uzito wa unyoya. Agosti 2020 alipigana na Zelfa Barrett mbele ya kamera za Uingereza, akasimamishwa raundi ya nane baada ya kumsumbua sana. Kisha Septemba 2022 akashinda mkanda wa Umoja wa Ulaya. Mkanda wa taifa haukumzuia kusonga wala kushindwa hakukumfuta.

Kwa hiyo nasimama upande wa wanaotaka mkanda huu upiganiwe, tena mara kwa mara, na walio bora. Ila sikubaliani na wenzangu wa upande huu wanapomrushia bondia lawama. Mtu anayeuza tiketi zake mwenyewe hana deni la ushujaa kwa yeyote. Wanaopaswa kusogea ni waliokaa mezani. BUI imeongeza mikanda ya Celtic chini ya ule wa taifa. Naelewa nia, kwamba wachanga wapate cha kugombea, lakini kila mkanda mpya unampa mtu mahali pa kujificha asikutane na jirani yake. Kingekuwepo kiwango cha chini cha malipo kwa pambano la ubingwa wa Ayalandi, sawa kwa kona zote mbili, kisichotegemea nani ameuza tiketi ngapi, na bingwa akavuliwa mkanda asipoutetea kwa wakati, nusu ya visingizio vingekwisha. Nusu iliyobaki ni ya mapromota wa Uingereza wanaokuja kuchukua vijana wakishaiva. Wanapofanya onyesho Belfast au Dublin, pambano moja la mkanda wa Ayalandi kwenye kadi yao haliwagharimu kitu cha kuwaumiza.

Donovan alipotoka Windsor Park alikuwa na kushindwa kuwili kwenye rekodi yake, kote kwa Mwairishi mmoja, na kwenye uzito wa welter peke yake wapo vijana wengine kisiwani wanaomtaka yeye au bingwa aliyemshinda. Majina yao hutajwa kila wiki katika jimu za Dublin na Belfast. Bado hawajaitwa mezani.