Anayenunua Kidogo Kidogo Hajakosea Hesabu

Ushauri wa kubana matumizi haukosi sentensi hii: nunua pakiti kubwa. Ukigawanya bei kwa uzito, kubwa ni nafuu kuliko vipakiti. Hesabu hiyo ni sahihi. Ninachokipinga ni dharau inayofuatana nayo, kwamba anayechukua kipakiti cha sabuni leo na kingine keshokutwa hajui anachofanya.

Yesim Orhun na Mike Palazzolo, wakiwa Chuo Kikuu cha Michigan, walifuatilia kwa miaka saba ununuzi wa karatasi za chooni katika kaya zaidi ya 100,000 za Marekani. Bidhaa yenyewe inafaa sana kwa swali hili: haiozi, na kila nyumba itaihitaji tena. Walikuta kwamba kaya za kipato cha chini zililipa takriban asilimia 5.9 zaidi kwa kila karatasi, kwa kuwa zilinunua pakiti ndogo na hazikuweza kuwahi punguzo la bei. Anayeishia hapo atasema si unaona, hawajui. Lakini mwanzoni mwa mwezi, fedha zikiwapo, kaya zizo hizo zilianza kununua kama wenye uwezo. Maarifa ya mtu hayapungui kati ya wiki ya kwanza na ya mwisho. Kinachopungua ni fedha.

Hiyo asilimia 5.9 hainitoki akilini. Watu hawa tayari huchagua chapa za bei ya chini, na hasara ya kununua kidogo inaweza kumeza hadi nusu ya walichookoa kwa uchaguzi huo. Wanajinyima, kisha kujinyima kwenyewe kunaliwa. Mimi naiona kama riba: wanalipia haki ya kubaki na akiba kidogo mkononi. Mtoto akiugua usiku, sabuni ya mwezi mzima iliyoko kabatini haigeuki tena kuwa nauli ya kwenda hospitali.

Wanaolaumu vipakiti wana hoja pia. Vingi hutengenezwa kwa tabaka za plastiki na karatasi ya aluminiamu zilizogandishwa pamoja, ni vigumu kuvirejeleza, na huishia mitaroni. Vilevile wapo watengenezaji wanaopunguza gramu na kuiacha bei palepale, wakijua kwamba mnunuzi wa kila siku huangalia kwanza sarafu alizonazo. Lawama hizo ni za haki, ila zimwendee anayefungasha.

Ndiyo maana kupiga marufuku vipakiti bila kuweka kitu kingine kunanitia wasiwasi. Mteja akija na chupa yake, akapimiwa kutoka pipa kubwa kiasi anachoweza kulipia, kwa bei ileile ya kila gramu anayolipa mwenye pakiti kubwa, taka zinapungua na ile asilimia 5.9 inabaki mfukoni mwake.