"Umejuaje?"

Jumapili bibi jirani yangu hapa Columbus, Ohio, alinialika kuangalia tamthilia ya ujana wake, The Snoop Sisters, iliyoonyeshwa na NBC kati ya 1972 na 1974. Ajuza wawili wa New York, Ernesta na mdogo wake Gwendolyn, wanaandika hadithi za upelelezi, na palipo na maiti hawakosi. Mpwa wao ni luteni wa polisi. Anawakataza mpaka anachoka. Helen Hayes, aliyeigiza Ernesta, alikuwa amevuka miaka 70. Mwenzake, Mildred Natwick, aliyeigiza Gwendolyn, alipata tuzo ya Emmy mwaka 1974 kwa kazi hiyo.

Katikati nikamtaja muuaji. Bibi akapiga makofi: "Umejuaje?" Uso mzima furaha.

Swali hilo mimi nalijua kwa sauti nyingine. Bibi yangu, kule Shinyanga, aliwahi kumtambua mwizi wa mahindi kwa kuangalia tu fundo la gunia. Mahindi yakapatikana, mwizi akakiri. Shukrani hakuna, mtaa mzima ukabaki kunong'ona, "Kajuaje?" Na macho yake, baada ya miaka hamsini ya moshi wa jikoni, mnajua yalikuwaje: mekundu, na kwetu ajuza mwenye macho mekundu husemwa ni mchawi. Baba alimwomba kwa magoti asitamke tena jambo kama lile.

Najua mtakavyonijibu, nyinyi wa nyumbani. Kaenda juzi, leo anatufundisha. Hao Wazungu wako si ndio wanaowapeleka wazazi wao kwenye nyumba za wazee? Ni kweli, na inaniuma. Jirani yangu ana watoto watatu, na aliyekaa naye Jumapili ni mimi. Bibi yangu hakula peke yake hata siku moja mpaka anaingia kaburini. Hilo najivunia, sitalibadilisha na kitu chochote cha hapa. Lakini mlimpa ugali mkamnyima mdomo!

Mwingine atasema hayo ni mambo ya kwenye runinga. Sawa. Hata hapa ajuza wale hawakudumu: filamu ya kwanza, vipindi vinne, basi. Ila mwaka 1984 akaja Angela Lansbury na Murder, She Wrote, akiigiza mwalimu mstaafu anayefumbua mauaji, misimu 12, na nchi nzima ikakaa kumsikiliza. Kwetu mzee wa kiume akijua mambo anaitwa mwenye hekima, anawekewa kiti barazani. Bibi akijua yaleyale, mnamtazama macho. Anayesema nimejaa majivuno anijibu hilo kwanza.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimia, kuku wa mama mdogo alikuwa amepotea. Nikamuuliza bibi kwa utani nani kamchukua. Aliangalia mlangoni kwanza, kisha akainamia mchele wake akaendelea kuchambua. "Sijui, mjukuu wangu." Alikuwa anajua.