Ndege isiporuka, mhudumu atakula nini?

Binti wa kaka yangu alikuja Jumapili na barua mbili. Moja ni ya ajira ya uhudumu wa ndege kwenye shirika changa la hapa Dar es Salaam lenye ndege mbili. Nyingine ni mwaliko wa usaili wa mwisho wa shirika kubwa la Ghuba. "Shangazi, wewe umeruka. Niende wapi?" Nyumba nzima ilishamjibu: Ghuba. Mimi sikuafiki haraka hivyo.

Wanaosema Ghuba wana hoja. Emirates ya Dubai, kwa mfano, huwapa wahudumu wake malazi, na Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mshahara. Lakini wahudumu wake ni zaidi ya 20,000. Ndani ya A380, ndege kubwa ya ghorofa mbili, mnakuwa zaidi ya 20, wengi hamjawahi kuonana. Kila mmoja ana eneo lake na toroli lake. Unakishika kipande kimoja cha kazi, unakifanya vizuri sana, na miezi inapita.

Shirika dogo ni shule nyingine. Kanuni ya kawaida ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo ndege ndogo ya ATR 72 yenye viti 70 hivi inaruka na wawili. Nilianzia humo. Abiria hupandia mlango wa nyuma. Mmoja wetu anasimama pale akihesabu vichwa, mwenzake yuko mbele akimhamisha mzee aliyekaa penye mlango wa dharura na asiyeweza kuufungua. Tukitua Mwanza tuna nusu saa: kuokota chupa, kupapasa chini ya kila kiti kuhakikisha jaketi okozi lipo, kupanga mikanda, kisha abiria wapya. Mtu akizirai angani, ni wewe na mwenzako tu. Miaka miwili ile ilinikomaza kuliko kazi zote za baadaye, na usiku nililala kwangu.

Niliondoka kwa sababu ya njaa. Ndege moja iliingia matengenezo ikakaa wiki tatu, nusu ya ratiba ikafa. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo. Tuliishi kwa posho ya saa za kuruka, na saa hazikuwepo. Mwezi uliofuata hata huo mshahara ukachelewa.

Tena shirika changa huweza kufa kwa jambo ambalo mhudumu halioni kabisa akiwa kazini. Novemba 2012 Jetlink ya Kenya ilisimamisha safari huku fedha zake zimekwama Sudan Kusini. Mwezi huohuo fastjet ilianza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa nauli zilizowapandisha wengi ndege kwa mara ya kwanza. Kufikia mwisho wa 2018 nayo ilikuwa imesimama hapa Tanzania.

Ukubwa nao si kinga. Mwaka 2020 Emirates ilipunguza maelfu ya wafanyakazi. Hapo ndipo watu wetu hawaangalii vizuri: ukipoteza kazi Dubai, unapoteza na malazi na kibali cha kukaa nchini. Aliyepoteza kazi Dar anarudi nyumbani kwa daladala, anaanza kutafuta nyingine.

Kwa hiyo tuliusoma mkataba wa shirika dogo mstari kwa mstari. Mshahara wa msingi unalipwa hata ndege ikiwa chini, na unatosha kodi ya chumba na nauli. Tatizo lilikuwa ukurasa wa nne: akiacha kazi kabla ya miaka miwili, anarudisha gharama za mafunzo. Hapakuwa na neno lolote kuhusu shirika lenyewe kufunga milango. Nilimwambia aombe waandike kwamba likifunga, deni hilo linafutwa. Wakiandika, asaini, akae miaka miwili, Ghuba haitahama. Wakikataa, aende kwenye usaili. Ana miadi na shirika dogo Jumanne saa nne asubuhi, na ule ukurasa tumeukunja pembe.