Ramani ya ajali za Dodoma ianzie wodini

Matuta mengi ya barabara zetu yana historia inayofanana. Mtoto kagongwa, wananchi wamefunga barabara kwa mawe, kiongozi kaja kuwatuliza, tuta likawekwa. Wanaotaka kila ajali ya Jiji la Dodoma iingizwe kwenye kompyuta, pamoja na mahali, saa na vyombo vilivyohusika, ili ipatikane ramani ya ajali, wanajenga hoja yao hapo: fedha ni chache, ziende wanakoumia watu wengi zaidi hata kama hakuna aliyefunga barabara. Nakubaliana nao. Ninachohofia ni kile kitakacholishwa hiyo kompyuta.

Tuanze na mahali. Ripoti ikisema ajali imetokea "Nanenane, barabara ya Morogoro", mkazi wa Dodoma anaelewa, lakini mhandisi hajaambiwa kitu. Ukanda huo una viwanja vya maonyesho, stendi kuu ya mabasi na Soko la Ndugai, bodaboda na bajaji zikichomoza kila upande na abiria wakivuka na mabegi kichwani. Kivuko kiwekwe wapi? Askari aliye eneo la tukio anaweza kuchukua nukta ya GPS kwa simu ya kawaida.

Kisha chanzo: "uzembe wa dereva". Maneno hayo yana kazi mahakamani, ila hayasemi kama taa za barabarani zilikuwa zinawaka, wala kama mtembea kwa miguu alikuwa na pa kupita. Ukiingiza uzembe mara elfu moja, mfumo utakujibu kwamba madereva ni wazembe.

Wanaotilia shaka mpango huu wana hoja nzito kuliko zote: ajali zisizofika polisi. Kwa mwaka 2016 takwimu rasmi za Tanzania zilikuwa vifo 3,256, wakati Shirika la Afya Duniani lilikadiria 16,252. Hata ukiyakata makadirio hayo nusu, bado ni zaidi ya mara mbili. Kijana wa bodaboda aliyeanguka usiku Nkuhungu, akabebwa na wenzake hadi General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa, anaweza asionekane popote kwenye hesabu. Na majeruhi akifariki wiki tatu baadaye katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, faili la kituoni linaweza kuendelea kumwita majeruhi.

Lakini hoja hiyo haiui mpango, inauelekeza. Sweden ina mfumo uitwao STRADA unaounganisha taarifa za polisi na za hospitali. Sisi tayari tunayo karatasi inayopita kote kuwili, PF3, fomu ya polisi ya majeruhi: polisi wanaitoa, daktari anajaza majeraha. Leo inatumika zaidi kwa kesi na madai ya bima. Yaliyoandikwa humo yakiingizwa kwenye mfumo bila jina la mgonjwa, jiji litapata picha ambayo daftari la trafiki pekee haliwezi kuitoa. Waliokimbizwa hospitali bila PF3 waandikwe na wodi yenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo hata takwimu safi hazilitatui. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, mji umebadilika mno. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179. Ramani ya ajali za miaka mitatu iliyopita inaeleza mji wa miaka mitatu iliyopita. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, haina historia ya kuchambua, na kuisubiri ipate historia ni kusubiri watu wafe. Huko TANROADS, wakala wa barabara wa Serikali, wapime mwendo wa magari na kuhesabu wanaovuka kwenda shule na sokoni, kisha vivuko na taa viwekwe kwa vipimo hivyo. Ramani itumike kwenye barabara za zamani, ambako ajali zimeshatokea za kutosha kutuonyesha pa kuanzia.