Kizungushwe chombo, au mwanga?

Darubini ya Hale yenye kioo cha mita 5, iliyozinduliwa Palomar, California, mwaka 1948, ina mhimili mmoja uliolala sambamba na mhimili wa dunia. Ukiuzungusha taratibu, nyota zote hutulia mahali pake kwenye picha. Muundo huo ni mzito na ghali, ndiyo maana tangu darubini ya mita 6 ya Umoja wa Kisovieti, mwaka 1975, karibu darubini zote kubwa hupanda na kushuka, kisha hugeuka kulia na kushoto. Nyota lengwa hubaki katikati, ila zinazoizunguka hugeuka pembeni yake na kuacha mistari ya tao. Lazima kitu fulani kigeuke kufidia: ama chombo kinachopokea mwanga, kama kamera, ama mwanga wenyewe.

Darubini ya Rubin, kule Chile, huzungusha kamera nzima, ya karibu tani 3. Hapo matatizo ni ya kimwili kabisa. Kila kamera inapogeuka, uzito huvuta upande mpya na vipande hujipinda kidogo. Nyaya na mabomba ya kupoozea hayawezi kujisokota bila kikomo, na nyota ikipita karibu na utosi wa anga, kasi inayotakiwa hupanda mno.

Wengine hukiacha chombo kitulie juu ya jukwaa kando ya darubini na kuuzungusha mwanga kwa vioo vitatu. Utulivu huo una thamani kubwa: anayetafuta mtikisiko wa nyota inayovutwa na sayari, wa mita chache kwa sekunde, hawezi kuvumilia chombo kinachojipinda. Lakini kila kioo hula mwanga, na katika infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, vioo vyenyewe hutoa joto linalochafua kipimo.

Kwa kupiga picha, naunga mkono kuzungusha chombo. Kujipinda hupimika na kusahihishwa. Mwanga uliopotea haurudi. Kwa spektrografu za usahihi mkubwa, yaani vyombo vinavyotawanya mwanga katika rangi zake ili kuupima, msimamo wangu ni kinyume.

Kuna pia uamuzi wa tatu, unaosahaulika mno: kuacha picha igeuke. Madoa ya mwanga yanayotokana na darubini yenyewe hubaki palepale, huku sayari ikigeuka pamoja na picha kuizunguka nyota yake, hivyo hutenganishwa kwa hesabu. Ndivyo sayari tatu za nyota HR 8799 zilivyoonekana na kutangazwa mwaka 2008, kwa darubini za Keck na Gemini. Mfumo wa kuzungusha usiompa mtazamaji ruhusa ya kuuachia kwa makusudi unamnyima sayansi ya namna hii, na kasoro hiyo ni rahisi kuizuia chombo kikiwa bado kwenye michoro.